Mkazo wa Pili wa Fundi Ridjali

Fundi Ridjali alizaliwa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, lakini kwa miaka ishirini na miwili alitengeneza magari hapa Moroni, uani kwake Magoudjou. Mkewe, Mariamou, ni wa hapa hapa. Akienda kwao walimcheka kwamba anazungumza kama mtu wa Moroni. Sisi huku tulimwita Mnzuani. Yeye alikuwa akicheka kote kuwili.

Aprili ya 1999, Nzuani ikiwa imeshajitenga na visiwa vyetu vingine, vijana wa mji walianza kupita nyumba kwa nyumba wakiwatoa Wanzuani na kuwasukumia bandarini warudi kwao. Nilikasirika, nikaogopa, kisha nikawa sielewi lolote. Nilikimbia kwa Ridjali. Nilimkuta kichwa ndani ya gari la marehemu baba yangu, la mwaka 1962, akirudisha manifoldi, lile bomba la chuma linalokusanya moshi wa injini.

"Fundi, wanakuja! Acha hilo!"

"Bwana Djabir, zimebaki nati mbili."

Alizitia, akazikaza zote kuanzia katikati kwenda pembeni, polepole, utadhani tuna mwezi mzima. "Huu mkazo wa kwanza," akasema. "Injini ipate moto, ipoe, ndipo nikaze tena. Bila hivyo zitalegea."

Kelele zikasikika mtaani. Nilimwambia Mariamou kwamba nampeleka mumewe Ikoni, akajifiche kwa shangazi yangu. Akaleta mfuko wa nguo.

"Nijifiche mpaka lini?" Ridjali akaniuliza njiani. Kwenye njia panda nilisimama, sijui nishike ipi. Yeye alikuwa akisikiliza injini. "Haivujishi moshi," akasema kwa furaha, mjinga yule. Vijana wakatuona, wakaanza kupiga bati la gari kwa marungu. Njia ya Ikoni ilikuwa kushoto. Nikakata kulia, bandarini.

Kabla ya kupanda meli ya kwenda kwao alinipa spana yake. "Ikipoa. Anza katikati."

Jioni nilirudisha gari uani kwake, nikafungua boneti. Nati zote zilikuwa zimelegea kidogo, kama alivyosema. Nikazikaza moja moja, bado sijui kama nimemwokoa au nimemfukuza. Mariamou akatoka jikoni na sahani ya chakula, imefunikwa vizuri.

"Bwana Djabir," akasema, "ukirudi Ikoni, mpelekee hiki."