Turubai Lenye Tumbo

Wanaume wanne walilikataa gari lile kabla halijafika kwangu. Nataka hilo lijulikane kwanza, kwa sababu baadaye kila mmoja wao alikuja kudai kwamba alikuwa na mkono ndani yake.

Lilikuwa gari dogo jekundu la Kiingereza, la viti viwili, lenye umri wa kunizidi mimi. Mwenyewe alikuwa daktari wa Kihindi aliyeishi Milimani, mtu mpole asiye na haraka. Paa la gari lilikuwa la kitambaa, la kukunja nyuma ya viti jua likiwaka na kurudisha mbele mvua ikija. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimeoza chote, zikabaki mbavu tatu za chuma zilizopinda. Daktari alikuwa ameagiza turubai jeusi zito kutoka ng'ambo, kipande kimoja tu. Ukilikata vibaya, basi, hakuna lingine. Waliposikia hivyo, mafundi wa viti wa mtaa wetu wa Kondele wote wakawa ghafla na kazi nyingi.

Mimi nilikuwa mwaka wangu wa pili katika karakana ya mzee mmoja aliyeshona viti vya matatu za abiria. Nikisema nilikuwa fundi nitakuwa nadanganya. Kazi yangu ilikuwa kukaa sakafuni na wembe, kufumua nyuzi kuukuu kwenye viti vilivyochanika, wakati mashine ya pili, ile ya mlangoni, ilikaa siku nzima bila mtu. Nilipoomba niitumie, Mzee alisema mashine ya viti inataka nguvu za mwanamume. Akaongeza kwamba mteja akiona mwanamke mlangoni atafikiri hapa tunashona sketi.

Alijua nilikotoka, ila aliona si kitu. Baba yangu alikuwa mshonaji wa matanga ya mitumbwi, ufukweni mwa ziwa kule upande wa Kisian, na hakujaliwa mvulana mwenye subira, kwa hiyo sindano akanipa mimi nikiwa na miaka tisa. Nilishona matanga ambayo sikuweza kwenda nayo, kwa sababu kwetu mwanamke hakupanda mtumbwi wa kuvua, eti angewafukuza samaki. Sawa. Mshono wangu ulipanda, na sijasikia samaki aliyelalamika. Kisha injini zikaanza kuingia ziwani, wenye mitumbwi wakapungua mlangoni kwa Baba, nami nikaja mjini nikapanga chumba Migosi.

Daktari alipofika kwetu, Mzee alilizunguka gari mara moja, akatikisa kichwa. Nikasema kutoka sakafuni, "Daktari, hiyo mimi nitashona."

Mzee aliniambia kwa Kijaluo ninyamaze. Lakini Daktari alikuwa ameshageuka.

"Wewe umewahi kushona paa ya gari?"

"Hapana, Daktari. Lakini nimeshona matanga, na hiyo inabeba upepo ya ziwa mzima."

Alinitazama kidogo, akatabasamu, akasema atarudi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Gari akaliacha. Alipoondoka tu, Mzee alikuja kusimama mbele yangu.

"Ukiharibu turubai ya huyo mtu, usirudi hapa. Hata kufumua, usirudi."

"Na nikiweza, Mzee, mashine ya mlangoni ni yangu."

Mafundi wa jirani walikuwa wamekusanyika kusikiliza, maana Kondele hakuna siri. Mzee aliwatazama, akacheka, akasema mbele yao, "Sawa, mama. Itakuwa yako." Nami maji nimeshayavulia nguo, ningefanya nini tena.

Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa nyumbani. Kwanza nililoweka turubai zima kwenye pipa na kulianika juani, kwa sababu kitambaa kisichokunywa maji kabla ya mkasi kitakunywa baadaye, kisinyae na kukuaibisha. Majirani walipita wakiuliza kama mama anafua gari siku hizi. Fundi wa kuchomelea akazirudishia zile mbavu umbo lake. Kisha nikapitisha kamba juu yazo, kutoka ubao wa mbele unaokutana na kioo hadi nyuma kabisa, nikapiga fundo la kipimo kila mahali palipopinda. Baba hakuwahi kununua futi ya kupimia. Nikakata vipande vitatu, cha katikati na viwili vya ubavuni, nikavishona kwa mshono wa kukunja mara mbili, uzi nimeupaka nta ya nyuki. Kwa siku zile chache mashine ya mlangoni ilikuwa chini ya miguu yangu. Mapaja yaliuma, na nilikuwa na furaha ambayo sikumwonyesha mtu.

Jumatano ya wiki iliyofuata paa lilikuwa juu ya gari, jeusi, zuri. Saa kumi mvua ikaanza kuteremka kutoka upande wa Nandi, na Mzee akaamuru gari lisukumwe nje tuone.

Tukaona. Maji hayakuteremka. Yalikusanyika katikati ya paa, yakatulia pale kama yako kwenye karai, turubai likazidi kubonyea, na baada ya muda yakapata njia kwenye mshono, yakaanza kudondoka juu ya kiti cha Daktari.

Nilijua kosa langu papo hapo. Tanga hushonwa likiwa na tumbo, yaani ulegevu katikati. Ukilikata bapa halishiki upepo, na Baba alinichapa zaidi ya mara moja kwa kusahau kuacha tumbo. Basi nilipopitisha kamba juu ya mbavu zile, mkono wangu uliongeza vidole viwili pale katikati bila kuniuliza. Fundi wa viti asingefanya kosa hilo hata akiwa amelewa. Mtoto wa mshona matanga ndiye wa kulifanya.

Waliokuwa wamejikinga chini ya mabati walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja aliniuliza kama nimeshatafuta mlingoti. Mzee hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Kusanya vitu zako," alisema. "Kesho mimi mwenyewe nitaenda kwa Daktari nimweleze."

Niliogopa, sitajidai. Nikitoka mlangoni pale, kilichokuwa kinaningoja ni sufuria ya mafuta na mifupa ya samaki aina ya mbuta iliyotupwa na viwanda, kukaanga na kuuza kando ya barabara. Ni kazi ya halali, dada zangu wawili wameifanya na wamesomesha watoto. Lakini haikuwa yangu, na nilichoka kuambiwa na watu wengine ipi ni yangu.

"Daktari alisema Jumamosi, Mzee," nikamjibu. "Leo ni Jumatano. Mimi utanifukuza Jumamosi."

"Ukifumua, mashimo ya sindano yatabaki. Itavuja kushinda sasa."

Alisema kweli. Kitambaa hakisahau sindano, kila fundi anajua. Ila alisahau jambo moja, nami sikumwelezea kwa sababu hakuniuliza. Kama ningekuwa nimekata paa dogo, hapo ningekwisha. Mimi nilikuwa nimezidisha. Mshono mpya ungeingia ndani zaidi ya ule wa kwanza, na mashimo ya zamani yangeangukia kwenye kile kipande kinachokunjwa na kufichwa. Na kufumua, nani wa kunifundisha kufumua? Walikuwa wamenifanya nifumue miaka miwili. Alhamisi kufikia adhuhuri nilikuwa nimeitoa mishono yote miwili mirefu bila kukwaruza hata uzi mmoja wa turubai. Nikaondoa vidole viwili, nikavuta mpaka kitambaa kikalia nilipokigonga, nikashona upya. Ijumaa mvua ikanyesha vizuri. Maji yaliteremka pande zote mbili, nami nilikaa ndani ya gari, mlango nimefunga, nikipapasa viti kwa kiganja. Vilikuwa vikavu. Nililia kidogo humo ndani, kisha nikatoka.

Jumamosi Daktari alifika akalizunguka gari lake. Alipitisha kidole juu ya mshono polepole, akauliza nani ameshona.

"Ni kazi ya hapa, Daktari," Mzee akasema. "Sisi wote tulishirikiana."

Sisi wote. Na wale mafundi waliokuwa wakinicheka wakaitikia kwa vichwa. Kabla sijafungua mdomo Daktari akasema, "Vizuri. Nionyesheni inakunjwa namna gani."

Mzee akasogea mbele. Alifungua vibanio viwili vya mbele, akasukuma mbavu kwenda nyuma kwa nguvu zake zote za mwanamume. Zikaenda nusu, zikakwama. Turubai lilikuwa limeingia katikati ya chuma na chuma. Akasukuma tena. Mimi nilisimama nimekunja mikono, na nakiri kwamba nilimwacha ahangaike zaidi ya ilivyolazimu. Kisha nikasikia uzi mmoja ukilia.

"Mzee, toa mkono," nikasema. "Utapasua kazi yangu."

Akautoa. Nilizirudisha mbavu mbele kidogo, nikalivuta turubai kwa nje likalala nyuma ya gari, nikatandaza leso yangu juu ya plastiki ya dirisha la nyuma lililoshonewa kwenye turubai, isije ikakwaruzika, nikakunja masikio ya turubai ya ubavuni kuingia ndani, ndipo nikazilaza mbavu zote tatu kwa mkono mmoja. Halafu nikalirudisha juu. Daktari alijaribu mwenyewe mara tatu, mimi nikimwelekeza, na hakumtazama mtu mwingine.

"Asante, fundi," aliniambia alipomaliza, akaondoka na paa likiwa limekunjwa.

Kuhusu mashine, Mzee hakusema neno siku ile. Jumatatu nilipofika saa moja nilikuta viti vya matatu vilivyochanika vimerundikwa juu ya mashine ya mlangoni hadi dirishani, na wembe umewekwa sakafuni, mahali pangu pa siku zote. Niliviteremsha viti kimoja kimoja, nikavipanga ukutani, nikapangusa meza ya mashine, nikatia uzi na kuketi. Mzee alikuja akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akanitazama. Nilianza kushona. Akaendelea kusimama.

"Mzee," nikamwambia bila kuinua kichwa, "unanizibia mwanga."

Akasogea.