Mkasi na Gauni la Bi Mize

Juzi kwa fundi mmoja huko Madungu niliona mashine ya ovaloki ikizungusha nyuzi kwenye ukingo wa kitambaa kwa mkupuo mmoja. Nikamkumbuka mama na cherehani yake ya mkono, kule Ole. Yeye kila ukingo aliukunja ndani, akaupitisha tena chini ya sindano usije ukafumuka, taratibu, huku karafuu zikinukia uani.

Alasiri moja alinipa gauni la satini la Bi Mize, jirani yetu, nikate nyuzi zinazoning'inia. Yale makunjo ya ndani nikayaona mabaki tu. Nikayakata yote, nikajisifu kwa usafi.

Siku ya Idi Bi Mize alirudi amejitanda kanga, gauni mkononi, machozi yanamlenga. Gauni lilikuwa limemfumuka ubavuni mbele za watu. Mama akaligeuza, akalitazama kwa muda.

"N'samehe, mwenzangu," akasema. "Macho yangu yashachoka."

Nilimshukuru Mungu kwamba mama hakujua.

Sasa na mimi nashona. Kitambaa kilichofumuka hakifanani hata kidogo na kilichopitiwa na mkasi. Mama alijua palepale, nami nilisimama nyuma yake, nikamwacha aombe radhi peke yake.