Kasoro Arobaini na Moja

Katika kiwanda cha viatu kuna meza ya mwisho, karibu na dirisha, na kiatu hakiendi dukani mpaka kipite hapo. Mwanamke aliyekaa kwenye meza hiyo kwa miaka ishirini na sita wafanyakazi wenzake walimbandika jina la Bi Kasoro, naye wala hakukasirika. Alikuwa mrefu, mchache wa maneno, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na vidole vyake viliujua uzi uliolegea kabla macho hayajafika. Akishika kiatu alikikunja, akakinusa, akaingiza mkono mpaka ncha ya ndani, kisha akakigonga mezani mara moja na kusikiliza. Kuna siku alirudisha pea sitini za viatu vya shule, eti soli za kushoto zina mlio wa uwazi. Msimamizi alikuja juu. Wakapasua kimoja, na kweli gundi ilikuwa haijafika katikati. Tangu siku hiyo msimamizi naye alipita mbele ya meza ile kwa adabu.

Meza ilikuwa na sheria tatu, naye hakupindisha hata moja. Kiatu kizuri kilipita bila neno. Kiatu kilichoharibika kabisa kilitupwa kwenye pipa, nacho bila neno. Kilichoandikiwa ni kiatu cha aina moja tu, kile kinachostahili kurekebishwa. Hicho kilifungiwa fomu, kasoro zake zikaorodheshwa moja moja kwa mwandiko uliosimama wima, kikapelekwa kwa fundi wa marekebisho. Fomu ikiwa ndefu, fundi alijua imekuja kazi ya maana. Hapakuwa na nafasi kwenye fomu ya kuandika kilicho sawa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwomba akiandike.

Nyumbani aliishi na binti wa kaka yake, aliyekuja kwake kusoma chuo na alipomaliza akabaki, kwa kuwa walikuwa wameshazoeana. Binti alifanya kazi katika duka la kuchapisha kadi na mabango. Akitoka huko alifungua kompyuta yake kwenye meza ya jikoni na kutengeneza michezo, ile ya kuchezwa kwenye kompyuta, ambayo hata mmoja hakuwahi kuumaliza. Alikuwa na michezo tisa iliyokatikia njiani. Hilo lilimnyima raha kuliko alivyokubali kusema. Basi akajiandikisha kwenye shindano ambalo watu wa huku na huko duniani wanapewa siku tatu tu kutengeneza mchezo tangu mwanzo hadi mwisho, halafu kwa wiki nzima wanacheza kazi za wenzao, wanaandikiana maoni na kupiga kura. Akamwambia shangazi yake waziwazi kwamba na huu ukimshinda, anaachana na mambo hayo, anabaki na mabango yake.

Akaumaliza. Siku tatu alikula kwa mkono mmoja, macho kwenye kioo, lakini akaumaliza. Ulikuwa mchezo wa mtu mdogo asiye na uso, mwenye funguo kiunoni, anayepanda ndani ya kituo cha maji kilichoachwa zamani. Anaruka kutoka bomba hadi bomba, anaparamia kuta za matangi, anafungua milango. Hakuna adui wala pointi za kukusanya. Kuna vyumba kumi na kimoja, giza, mlio wa maji kwa mbali, na ile hamu ya kujua nyuma ya mlango unaofuata kuna nini.

Maoni ya wachezaji yakaanza kuingia. Mmoja alisema mchezo ni poa, akaishia hapo. Mwingine alisema giza limezidi. Wa tatu alikwama chumba cha pili, akaenda zake. Wengi walikisema chumba cha saba, tangi kubwa tupu lenye paa lililotoboka, kwamba hakina la kufanya zaidi ya kutazama mvua. Binti alisoma kila neno mara kumi, na bado hakujua kama amefanya kitu au amejisumbua bure. Jumamosi asubuhi, siku moja kabla kura hazijafungwa, alimwekea shangazi yake kompyuta mezani, akamvisha hedifoni, akamwonyesha vitufe vitatu.

"Cheza tu, Shangazi," alisema. "Halafu uniambie ukweli. Usinionee haya."

Kumwomba Bi Kasoro asione haya kulikuwa kupoteza maneno, ila binti alikuwa na haraka ya kwenda kazini.

Shangazi mtu alikuwa hajawahi kucheza chochote kwenye kompyuta, hata karata. Dakika ishirini za kwanza alimwangusha yule mtu mdogo kwenye shimo moja lile lile mara kumi na saba, bila kununa, akihesabu tu. Alipovuka, aliinuka, akafungua mkoba wake wa kazi, akarudi na fomu na kalamu. Binti aliporudi mchana alikuta fomu nne zimejaa, zimepangwa sawasawa pembeni mwa kompyuta, na shangazi yake anamenya viazi.

Alizisoma amesimama, begi bado liko begani. Kasoro ya kwanza: mtu anatua, mlio wa mguu unafuata baadaye. Ya pili: akikanyaga chuma na akikanyaga mbao mlio ni mmoja, haiwezekani. Ya tano: amevaa nini miguuni? Kama ni soli ngumu mbona hatoi sauti akigeuka, na kama ni mpira mbona anateleza? Ya ishirini na mbili: mlango unafunguka kabla ufunguo haujazunguka. Ya ishirini na nane: bomba linavuja kwa chini lakini kutu iko juu. Zilikuwa kasoro arobaini na moja, na chini ya ile ya mwisho palikuwa na saini na tarehe.

"Ndiyo hizi tu?" binti aliuliza.

Shangazi alifikiri kidogo, akajibu kwamba ndizo alizoziona.

Binti alishukuru, akakunja zile fomu, akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Siku ile hakuzungumza tena.

Jumapili baada ya chai, Bi Kasoro alikuwa anapita ukumbini na kapu la nguo akamsikia binti anaongea kwa simu na mwenzake wa dukani. Alikuwa anasema atauondoa mchezo kabla ya saa kumi na mbili jioni, kura zinapofungwa, na ukishauondoa haurudi. Haoni cha kungojea. Wageni wakimponda ni sawa, lakini hata mtu anayempenda amekaa nao nusu siku nzima na hakuona hata kimoja cha maana.

Yule mama alibaki amesimama na kapu lake, amepigwa na butwaa. Fomu nne! Maisha yake yote ni pea moja tu iliyowahi kujaza fomu mbili, buti alizozibuni mshonaji mmoja kijana, na kwa ajili ya buti zile aligombana na msimamizi mpaka pipa likasogezwa kando zisitupwe. Fomu nne hakuwahi kumwandikia mtu yeyote. Alidhani msichana ameelewa. Alikuwa amelala usingizi mzuri akidhani hivyo.

Akaweka kapu chini, akaingia jikoni. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Akaeleza habari ya pipa na ya meza na ya fundi wa marekebisho, akaeleza kwamba kitu kibovu hakipotezewi wino. Alisema mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima.

Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakushukuru, Shangazi," alisema. "Lakini unayasema haya kwa kuwa umeona nimenuna. Jana hukuyasema."

Hapo shangazi alikwama, kwa sababu ilikuwa kweli. Mtu asiyesifu miaka ishirini na sita, akija kusifu siku aliyobanwa, sifa hiyo ni ya kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ingepita mezani kwake angeirudisha yeye mwenyewe. Akavuta kiti akakaa. Aliogopa, na kuogopa haikuwa tabia yake. Aliuona mchezo wa kumi ukienda walikokwenda wale tisa, na msichana yule mwenye akili akichapisha kadi za harusi za watu mpaka mvi zimwote, na akajua kwamba kilichomfikisha hapo ni mwandiko wake yeye.

Binti alizikunjua fomu mezani, nadhani ili amwonyeshe ushahidi. Akaanza kuhesabu kwa sauti, akifuata kwa kidole. Chumba cha kwanza, kasoro sita. Cha pili, tisa. Cha tatu nne, cha nne tano, cha tano tatu, cha sita nne. Kidole kikasimama. Mstari uliofuata ulikuwa wa chumba cha nane.

"Cha saba hukufika?"

"Nilifika."

"Mbona hujaandika kitu?"

Shangazi alivaa miwani, akaichukua fomu, akaitazama mbele na nyuma. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyekutwa anasinzia kazini. Akaanza kukumbuka polepole. Aliingia mle kwenye tangi, mvua ikawa inashuka kupitia lile tundu la paa, yule mtu mdogo akasimama, naye akamwacha asimame. Matone yaliyoanguka kwenye bati yalikuwa na mlio wao na yaliyoanguka kwenye maji yalikuwa na mlio wao. Alipokuja kunyoosha mkono kwenye chai yake aliikuta baridi kabisa, imeshika utando. Yeye alidhani zimepita dakika mbili.

"Nilisahau kwamba nakagua," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeungama.

Binti akamsogelea.

"Mle ndani mvua inapita katikati ya bomba, Shangazi. Lile bomba kubwa, katikati kabisa ya picha. Haliizuii. Sikuwahi kupata muda wa kulirekebisha. Watu sita wameniandikia."

"Mimi sikuiona."

Mwanamke aliyesikia upungufu wa gundi ndani ya soli iliyofungwa hakuona mvua ikipenya bomba nene kuliko mtu. Binti alijua, na kila aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda kile angejua, kwamba jambo kama hilo mama huyu hawezi kulitunga, hata kwa kumhurumia mtu. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja huku anacheka.

Bi Kasoro hakujua afanye nini na machozi, akafanya alichokijua. Alitoa kalamu, akaisogeza ile fomu karibu.

"Basi niiandike," alisema. "Ya arobaini na mbili."

Binti akaweka kiganja juu ya fomu, pale kati ya chumba cha sita na cha nane.

"Hapo usiandike kitu."

Saa kumi na mbili zilipofika mchezo ulikuwa mahali pake. Ulishika nafasi ya katikati, si mbele wala nyuma, na binti aliyasoma matokeo akiwa amesimama jikoni, akaendelea kukatakata kitunguu. Wiki tatu zilizofuata alishika zile fomu, akarekebisha kasoro moja baada ya nyingine na kuikata kwa wino mwekundu. Shangazi alivaa hedifoni kuzipima upya, na mbili alizirudisha. Mwishowe zote arobaini na moja zilikwisha. Ile mvua ya chumba cha saba hakuna aliyeigusa, na mpaka leo inapita katikati ya bomba.