Mbigili Mmoja wa Mteremkoni

Shangazi yangu amepalilia njia za msitu wa serikali miaka kumi na tisa, na wenzake humwita Mama Jembe. Kazi yake ni kung'oa magugu kabla hayajatoa maua. Kwa sisi wapalizi, ukiacha ua likafunguka, umejiongezea kazi ya mwaka ujao.

Wiki ile bwana misitu alitangaza kwamba Jumatatu mteremko wa juu utafyekwa, ipite barabara ya magogo. Kitu kimoja tu ndicho kingeuokoa: mbigili wa asili, unaolindwa na sheria, ambao haujaonekana tangu zamani. Mtaalamu wa mimea, kijana mpole mwenye miwani, alikuwa ameutafuta siku tatu na kukuta ule wa kawaida tu, unaoota malishoni.

Ijumaa akatuonyesha jani kavu lililobandikwa kwenye karatasi. "Tazameni chini yake. Jeupe, kama lina pamba. Shina halina miiba, na ua lake huinama."

"Muulize Mama Jembe," bwana misitu akadakia. "Hakuna gugu asilolijua humu. Likimwona, linajing'oa lenyewe."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Aliligusa lile jani kwa kidole.

"Huu sisi tunauita mkaidi," akasema. "Mzizi wake mrefu. Kila mwaka naanza na huu."

Kicheko kikakatika.

Akatupeleka mteremkoni, hadi kwenye mti mkubwa ulioanguka, mahali jembe lisipofika. Akapiga magoti, akatenganisha majani makavu katikati ya mizizi. Ulikuwepo. Mmoja. Mtaalamu akageuza jani: jeupe. Akapitisha kidole kwenye shina: laini. Ua la zambarau lilikuwa limeinamia ardhi.

"Basi ung'oe mzima mzima," bwana misitu akamwambia shangazi. "Ofisini hawaamini maneno."

Wote tukamtazama, maana ndiye anayejua kuung'oa bila kukata mzizi.

"Hapana, baba. Mikono hii imeng'oa vya kutosha."

"Mama Jembe, bila ushahidi wanafyeka!"

"Basi wafyeke na mimi nimekaa hapa."

Mtaalamu akavua miwani, akaifuta taratibu. Kisha akapiga picha, akachuma jani moja la chini, akaandika taarifa na kutia sahihi. "Wakikataa, nitajibu mimi."

Hawakukataa. Jumatatu walifyeka ng'ambo ya kijito. Shangazi hakushangilia. Alikwenda peke yake kwenye shimo tunakochomea magugu, akasimama pale akitazama majivu, mpaka tulipomwita kazini.