Nano Aliyebatizwa Kabla ya Kuzaliwa

Kule Beara, kusini-magharibi mwa Ireland, hakuna harusi ndani ya Kwaresima. Usipofunga ndoa ile Jumanne ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, subiri Pasaka. Na vijana hawakuachi hivi hivi. Hutunga mashairi ya kuwacheka waliobaki bila ndoa, huwataja humo kwa majina na kuwapakia wawili wawili kwenye mashua ya kwenda miamba ya Skellig, ati huko Kwaresima huchelewa kufika. Abina Lowney alikuwa akitajwa humo mwaka nenda mwaka rudi, mpaka akafika miaka thelathini na minane. Kila mwaka alicheka pamoja na wenzake, kisha akaenda kukamua ng'ombe.

Mwaka ule ninaousimulia, 1934, alikuwa na mchumba.

Murty Harrington alizaliwa Marekani, mji wa Butte, kwenye machimbo ya shaba yaliyomeza nusu ya vijana wa Beara. Alikuja baada ya kumzika mama yake, apaone mahali marehemu alipotoka. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza. Alipofika kwa Batt Lowney, baba yake Abina, alipewa chai, na chai ile haikuisha mpaka Krismasi. Sasa alikuwa na tiketi mbili za meli, za wiki ile ile ya majivu, na msimamizi wake kule alikuwa amemwekea kazi mpaka hapo tu. Abina angeachwa, angezeekea jikoni kwa wifi yake, na wifi huyo alikuwa hodari wa kuhesabu vijiko vya sukari.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kituo cha maziwa. Abina anashusha debe lake, mara Mag Crowley, mjane mwenye ulimi, akamwita mbele ya watu.

"Abina! Nasikia unaolewa na damu yako mwenyewe!"

"Damu gani tena, Bi Mag?"

"Mama yake huyo Mmarekani si Nano Lowney wa hapa Gortnabrack? Na shangazi ya baba yako, aliyekwenda Marekani asiandike hata barua moja, aliitwa nani? Au mimi nimezeeka?"

"Kuzeeka umezeeka, ila ulimi wako bado kijana," Abina akamjibu, na watu wakacheka. Lakini alipoliinua debe lake, likagonga ukuta.

Kusema kweli suala hilo lilikuwa gumu. Pale Gortnabrack walikuwapo akina Thade Lowney wawili, na kila mmoja alikuwa na binti aitwaye Nano aliyevuka bahari. Wake zao nao wote wawili walikuwa akina Ellen Sullivan, maana huko Beara ukimrushia mbwa jiwe ukimkosa unampata Sullivan. Murty akiwa mjukuu wa Thade yule mwingine, hapana neno. Akiwa mjukuu wa Thade babu yake Batt, basi yeye na Batt ni watoto wa ndugu, na Kanisa haliozeshi jamaa wa karibu hivyo bila ruhusa ya askofu.

Maneno yakamfikia Padri Cotter, kijana mgeni, ambaye alikuwa ameshaitangaza ndoa yao kanisani. Akawaita Abina na Murty nyumbani kwake, akafungua daftari la ubatizo. Murty akatoa cheti cha kuzaliwa cha serikali alichosafiri nacho mama yake zamani, kimekunjwa hadi kinachanika. Abina akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja daktari.

"Hapa yupo Nano wa Thade Lowney, wa nyumba yenu, Abina," padri akasema, kidole juu ya karatasi. "Amebatizwa tarehe tatu Februari, 1866. Hebu nione hicho cheti." Akasoma, akasoma tena, uso ukamkunjuka. "Mama yako Murty amezaliwa tarehe ishirini Machi, mwaka huo huo. Sasa nani atambatiza mtoto ambaye bado yumo tumboni? Hawa ni watu wawili."

"Na huyo wa pili, mbona hayumo kitabuni?" Murty akauliza.

"Kurasa za Machi na Aprili zimeliwa na unyevu. Bila shaka alikuwa humo. Nendeni mkajiandae, Jumanne ndiyo hiyo."

Abina alirudi nyumbani hahisi ardhi. Jioni, viazi vikiwa motoni, akamsimulia baba yake. Mzee Batt akacheka mpaka akakohoa.

"Kubatizwa kabla ya kuzaliwa! Mwambie padri aje anitazame mimi. Kanisa linasema nilibatizwa Mei, serikali inasema nilizaliwa Julai. Sisi sote hapa ndivyo tulivyo! Kubatiza ni siku ya pili yake, mtoto asije akafa hivi hivi. Kuandikisha ni mpaka mtu apate safari ya mjini, na ukichelewa unatozwa faini. Sasa mtu afanye nini? Anasogeza siku. Bibi yangu alikuwa akituchekesha kwa huyo huyo Nano, shangazi yangu. Babu alimwandikisha siku alipopeleka nguruwe mnadani, wiki moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mwezi Machi. Karani akamwambia, umechelewa, lipa. Babu akasema, nimechelewaje, mtoto kazaliwa wiki hii hii, tarehe ishi..."

Kicheko kilimkauka mdomoni. Wakatazamana, baba na binti, na viazi vikaendelea kutokota.

"Mimi sikusema kitu," Batt akanong'ona. "Padri hakuniuliza mimi, mwanangu."

"Aliuliza, baba. Jumapili kanisani. Alisema yeyote anayejua kizuizi aseme."

"Wakati huo ulikuwa hujui."

"Sasa najua."

Usingizi haukumjia. Asubuhi akamfuata Murty kwenye chumba alichopanga, akamwambia yote wamesimama mlangoni. Murty alikuwa mtu mpole, lakini siku ile rangi ilimpanda.

"Padri ameridhika. Wewe unataka nini zaidi?"

"Nataka nikiapa, niwe naapa kweli."

"Mama yangu amekufa. Thade amekufa. Atakayeumia ni nani?"

"Mag Crowley hajafa."

Hakucheka. "Meli ni Alhamisi, Abina. Haitangoja barua za maaskofu." Akafunga mlango.

Wahenga wamesema, mficha uchi hazai. Lakini waliosema hivyo hawakusema mtu hujisikiaje akitembea uchi mpaka kwa padri. Abina alitembea. Padri Cotter alimsikiliza huku akikwaruza meza kwa ukucha.

"Nitaandika leo hii kwa askofu, huko Killarney. Ila lazima nitoe sababu." Masikio yakamwiva. "Zinazokubalika ni kama... mahali padogo, watu wachache. Au kwamba mwanamke... umri umemwendea, na hana mwingine anayemposa."

Abina akaisukuma kalamu mbele ya padri.

"Andika zote mbili, Baba."

"Si lazima, moja inaweza—"

"Andika! Andika nimezeeka, na kalamu uikaze. Mimi ndiye nitakayeolewa, si wewe."

Jumanne ikafika. Nyama ya nguruwe ilikuwa imeshachemshwa kwa ajili ya wageni. Tarishi alipita na baiskeli yake bila kusimama. Kanisani waliozwa wengine, na jioni vijana wakaja na mabati na masufuria kumwimbia Abina dirishani. Batt akataka kutoka na fimbo. Abina akamshika mkono. Murty hakuonekana siku nzima.

Jumatano Abina alipiga magoti kwenye foleni ya majivu. Padri alipomfikia akamchora msalaba kipajini, akainama, akasema kwa sauti ya chini: "Ruhusa imekuja asubuhi hii. Lakini leo siwezi, unajua. Ni mpaka Pasaka."

Alitoka kanisani akikimbia, majivu usoni, mbele ya watu wote. Mlango wa Murty ulikuwa wazi. Alikuwa amepiga goti moja sakafuni, anafunga sanduku kwa kamba.

"Askofu amekubali," Abina akasema, akihema. "Ila mpaka Pasaka. Sikuombi ubaki. Nimekuja tu ujue."

Murty hakuinua kichwa. Mikono yake ilisimama juu ya fundo. Nje basi la kwenda bandari ya Cork lilikuwa limeshawasha injini, dereva anapiga honi kuwaita abiria.

"Pasaka ni lini?"

"Tarehe mosi Aprili."

"Kazi yangu kule itakuwa imekwenda."

"Najua."

"Na baba yako ana kazi gani ya kumpa mchimba madini?"

"Ana shamba la mawe tu, Murty. Mawe, na mawe chini yake."

Honi ikalia tena, ndefu, kisha basi likaondoka.

"Mawe nayajua," Murty akasema, akaanza kulifungua fundo.