Mama Kipimo wa Mchikichini

Saa moja asubuhi, sokoni Mchikichini. Uwesu, muuza belo, anakata mikanda ya belo la mitumba, nguo zinafumuka, vumbi lenye harufu ya dawa linapanda. Wateja wanavamia. Severa Nambunga anarudi nyuma, anaziba pua kwa kanga, anasubiri litulie.

"Zamani nilizama humo humo," anasema. "Jioni kifua kinapiga filimbi."

Severa, mwenye miaka 46, anauza magauni ya wanawake wanene. Alitoka Newala kuja mjini kutafuta maisha, na mtaji wake mkubwa ulikuwa mwili. Hakuwa na kioo. Gauni likimwingia yeye, mteja hana swali tena. Ndipo wakambandika jina: Mama Kipimo.

Kilo mia moja na nne! Na nani angemwambia apungue? Akienda kwao, kina mama walimpigia vigelegele: mji umemkubali, kanawiri.

Kifua hakikuvisikia vigelegele. Ana pumu tangu utoto, lakini mwaka juzi ilimlaza wodini mara nne. Mara ya mwisho Daktari Trupti akamwambia, "Mama, una uvimbe kwenye njia za hewa."

Severa akaangua kilio. Yeye uvimbe aliujua mmoja tu, ule wa kukatwa.

"Si saratani, mama," daktari akamtuliza. "Njia zimevimba kwa ndani, zimekuwa nyembamba. Vumbi linazichokoza. Na mafuta ya tumboni si mzigo tu. Tunaanza kuona kwamba kwa baadhi ya watu nayo yanachochea uvimbe. Dawa ya kuvuta usiache, ila punguza mwili."

Akaacha chipsi na soda. Akawa anatoka kwake Buguruni kwa miguu hadi sokoni. Kwa miezi kumi zikatoka kilo kumi na nane, na hajalazwa tena.

Sasa ndipo balaa lilipoanza. Bongo hii ukikonda, hakuna anayewaza pumu. "Mama Kipimo kakanyaga miwaya," wakanong'ona, yaani kapata ukimwi. Moza, muuza viatu wa meza ya pili, ambaye kila asubuhi alikunywa chai kwa kikombe cha Severa, akaja na kikombe chake. Wateja nao wakahama. Gauni linamning'inia muuzaji, nani atalinunua?

"Iliniuma, sikufichi," anasema Severa. "Nikazirudia chipsi wiki mbili, ninenepe wanyamaze. Halafu nikajiuliza: wewe Severa, unanunua ukimya wa watu kwa pumzi yako mwenyewe?"

Akachukua gauni lake la zamani, la kijani, akalitundika mbele ya meza. Anayetaka kipimo sasa alivae hilo. Wateja wameanza kurudi, mmoja mmoja.

Anataka kupunguza kilo nane nyingine. Bintiye Klara amepanga ghorofa ya tatu huko Kariakoo, na Severa amejiapiza kwamba kabla ya mwaka kwisha atazipanda ngazi zile bila kukaa njiani.

Mama mmoja mnene analivuta gauni la kijani. "Mh! Zito hili. Mwenyewe kafa Ulaya?"

"Mwenyewe mimi," Severa anajibu. "Na sijafa. Si unaniona napumua?"

Moza ndiye anayecheka wa kwanza. Kicheko kinaisha. Kisha anausogeza mkono kwenye chupa ya chai.

"Dada Severa," anasema, "hebu nipe hicho kikombe chako."