Tangi Lililojazwa kwa Ajili ya Wageni

Mama Fidélie ni mkunga. Kwa miaka kumi na mmoja amezalisha wanawake katika maternite ya parokia ya Kipresbiteri, kwenye barabara inayotoka Likasi kwenda Kamatanda, na kwa miaka hiyo yote neno lake la kwanza kwa mwanamke mwenye uchungu halijawahi kuwa karibu wala pole. Ni hili: "Mayi umeleta?" Sheria ya nyumba ile ni bidoni mbili za maji, za lita ishirini kila moja, kwa kila mzazi. Asiyekuja nazo, shemeji yake anarudishwa na baiskeli kuzitafuta huku mtoto anabisha hodi. Fidélie anaichukia sheria hiyo, na ni yeye mwenyewe aliyeitunga.

Bomba la mji halijafika kule juu. Kuna tangi kwenye paa, kuna mabomba ukutani, kuna hata sinki jeupe katika chumba cha kuzalia. Vyote viliwekwa na watu waliotumaini kwamba maji yatafuata. Hayakufuata. Miaka minne iliyopita mama mmoja, Eugénie, alijifungua salama asubuhi, na siku ya tatu akaanza kuwaka homa, maana mashuka yalikuwa yamefuliwa kwa maji ya kubahatisha. Alipona, lakini chupuchupu. Tangu hapo Fidélie hana ombi lingine duniani: kichimbwe kisima kirefu cha pampu uani, basi.

Sasa, Wapresbiteri hawana askofu wa kumwendea ukamlilia shida yako. Wana mabaraza. Ombi linaanza kwa baraza la wazee wa parokia, linapigwa muhuri. Linapanda presbiteri, muhuri. Linapanda sinodi, muhuri tena. Ndipo linavuka bahari kwenda kwa kanisa ndugu, ambako kamati ya misioni inaketi kugawa miradi mara moja tu kila miaka mitatu. Utasema ndiyo utaratibu, na kwamba afadhali hivyo kuliko mtu mmoja kuamua peke yake. Haya, sikatai. Lakini ombi la kwanza la Fidélie lilirudi kwa sababu tarehe ya muhuri ilitangulia tarehe ya kikao. La pili lililala presbiteri mpaka katibu akahamishwa, na katibu mpya hakuwa na ufunguo wa kabati. La tatu ndilo lililofika. Kamati ikajibu kwamba itatuma wajumbe wawili waje waone kwa macho yao.

Waone kwa macho yao! Fidélie alilisoma neno hilo mara mbili, akafurahi. Kama kulikuwa na kitu alichoweza kuwaonyesha bila kutafuta, ni ukavu.

Hakumhesabu Papa Barnabé. Huyu ni mzee wa kanisa, fundi mstaafu wa kiwanda cha shaba, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Ni mtu mwema. Ndiye aliyemwombea Fidélie kazi ile zamani. Na hapo ndipo penye taabu, maana mtu mbaya unaweza kumsukuma kando, mtu mwema utamsukumaje? Kwa wiki mbili Papa Barnabé alipaka kuta chokaa, akaazima viti, akawavika akina mama wa kwaya kitenge kimoja. Siku ya kuamkia ugeni, gari la maji la mgodini, ambalo alikuwa ameliomba kwa rafiki yake kwa siku hiyo moja tu, likaingia uani kinyumenyume.

Fidélie akatoka na glavu mikononi.

"Papa Barnabé, munafanya nini?"

"Tunajaza tangi, mama. Bageni banatoka mbali. Batanawa wapi?"

"Muiache vile iko. Njo ile banakuya kuona."

Papa Barnabé hakukasirika. Alishangaa. "Weye unataka baseme Bapresbiteri ba Likasi beko bachafu? Mugeni unamupatia kiti ya muzuri, hata kama weye unaikala chini. Njo vile bankambo ba zamani balitufundisha."

"Papa, minye kazi yangu ni kuzalisha. Mficha uchi hazai."

Mzee akacheka, akampigapiga begani, akamwambia dereva aendelee mpaka tangi lifurike.

Mgeni njoo, mwenyeji apone: ndivyo wasemavyo wazee. Sasa hapa mgeni anakuja na dawa, mwenyeji anajipaka poda ili asionekane mgonjwa! Utamponya vipi mtu wa namna hiyo?

Wajumbe wakafika. Mmoja alikuwa bwana mwenye daftari, asiyesema sana. Wa pili alikuwa Mama Jenny, muuguzi mstaafu, mwenye Kifaransa cha polepole na viatu vya kutembelea. Walipoimbiwa na kusalimiwa vya kutosha, Mama Jenny akaenda moja kwa moja kwenye sinki la chumba cha kuzalia, akafungua bomba. Maji yakatoka kwa nguvu, safi kabisa. Akanawa mpaka kwenye viwiko, kama wanavyonawa wauguzi, kisha akamgeukia Fidélie.

"Yanatoka hivi kila siku?"

Hilo ndilo swali alilolingoja miaka minne. Lakini nyuma ya mgeni alisimama Pasta Ruphin, mchungaji wa parokia, katika suti yake nyeusi. Alisimama Papa Barnabé. Walisimama akina mama wa kwaya ambao tangu alfajiri walikuwa jikoni wakisonga bukari na kukaanga kuku. Wote walikuwa wanamtazama na kutabasamu. Ungekuwa wewe ungesema nini?

"Ndiyo, mama," akasema Fidélie. "Tunamshukuru Mungu."

Yule bwana akaandika katika daftari lake. Baadaye palikuwa na chakula, na Fidélie akaketishwa meza ya mbele pamoja na wageni, akapewa soda ya baridi. Hakumbuki ilikuwa na ladha gani. Mpaka leo akiikumbuka siku ile anajitukana mwenyewe, tena kwa maneno ambayo mkunga wa kanisa hapaswi kuyajua.

Miezi mitano baadaye barua ikaja, na Pasta Ruphin akaisoma ibadani. Wajumbe walisifu usafi, ukarimu, nyimbo, na maji ya kutosha katika maternite. Kwa hiyo kamati ilikuwa imekiweka kisima kile katika orodha ya miradi kwa ajili ya kituo kingine chenye shida zaidi, na parokia ya Likasi itaendelea kukumbukwa katika sala. Waumini wakapiga makofi. Wamenyimwa kisima, wanapiga makofi! Fidélie alikaa na mikono yake mapajani, na hasira yake hakujua aipeleke kwa nani kwanza.

Alikwenda kwa baraza la wazee. Kwa kuwa yeye si mzee wa kanisa, alingojeshwa kwenye benchi nje mpaka ajenda ifike kwenye mengineyo. Alipoingia aliomba jambo moja tu: kuandikwe barua ya kusema kweli.

"Tukiandika kama tulidanganya," Papa Barnabé akasema, "batafunga mulango kwa maparokia yote, hapana Likasi tu."

Pasta Ruphin akasema kwa upole kwamba ombi jipya linaweza kupelekwa baada ya miaka mitatu.

"Na banamuke?" Fidélie akauliza.

"Tutabaombea, mama."

Akarudi kazini. Wiki tatu alijaribu kunyamaza, akashindwa. Mama Jenny alikuwa amemwachia anwani yake ya barua pepe, na siku moja, kati ya mzazi na mzazi, Fidélie alimwandikia kwa simu akiwa amesimama mlangoni, upesi upesi, kabla moyo haujarudi nyuma: Maji uliyonawa yaliletwa na gari siku moja kabla hujafika. Uliniuliza, nikakudanganya mbele ya mchungaji wangu. Hatuna maji. Nisamehe.

Jibu lilikuja siku ya nne. Mama Jenny alimshukuru, alimsadiki, tena alisema orodha ya miradi haijafungwa, imebaki miezi minne, na neno hili linaweza kubadilisha kila kitu. Fidélie akaketi. Kisha akasoma yaliyobaki. Kwa kanuni za kamati, hawawezi kupokea barua ya mtu binafsi, ni lazima ipite kwa baraza la parokia. Hivyo, ili neno lake lisipotee, Mama Jenny alikuwa ameituma barua ile ile kwa Pasta Ruphin, akiwaomba wazee waipige muhuri na kuirudisha.

Alikuwa ameituma kwa nia njema kabisa. Fidélie alitaka kucheka, kicheko kikakataa.

Jumamosi iliyofuata aliitwa barazani. Safari hii hakungojeshwa kwenye benchi. Barua yake ilikuwa mezani, imechapwa, na kando yake muhuri na kidau cha wino. Shtaka likasomwa: amelipita baraza pembeni, ameliaibisha kanisa mbele ya ndugu wa ng'ambo. Adhabu iliyopendekezwa ni kutokaribia Meza ya Bwana kwa miezi sita. Pasta Ruphin akamuuliza kama ana neno.

"Niko na moja," Fidélie akasema. "Siku nilidanganya, mulikuwa pale bote. Hakuna mwenye aliniita ku baraza. Mulinipatia soda. Lelo nimesema kweli, munanifukuza ku meza."

Pasta Ruphin aliitazama karatasi yake, akauliza kama kuna wa kuunga mkono pendekezo. Mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine. Papa Barnabé alimtazama Fidélie kwa muda mrefu, macho yamelowa, naye akainua wake.

Katibu akakohoa. Akauliza sasa barua yenyewe wanaifanyaje, maana Mama Jenny anaingoja: ipigwe muhuri au isipigwe? Wazee wakanong'onezana. Pasta Ruphin akafungua kitabu cha kanuni, akatafuta ukurasa, akasoma kimya, kisha akasema, bila ukali wowote, kwamba neno la mtu aliye chini ya adhabu haliwezi kupokelewa na baraza mpaka adhabu yake iishe.

"Miezi sita," Fidélie akasema. "Orodha inafungwa kisha miezi ine, Pasta."

"Minasikia, mama. Njo kanuni."

Katibu akafunika kidau cha wino, na Pasta Ruphin akamwomba Papa Barnabé afunge kikao kwa sala. Fidélie hakungoja amina.